Kioo Kwenye Ukuta wa Chumba cha Mama Mkwe

Kitale, upande wa barabara ya Kwanza
Jumanne, tarehe 9 Machi 2004
Asubuhi ya ukungu, mlima hauonekani. Jua limetoka saa mbili na nusu. Ardhi bado imelowa kwa mvua ya Jumapili.

Kwako Baba mpendwa,

Naanza na goti lako, kwa sababu mengine yote najua utanijibu tu kwamba mko sawa. Je, limeacha kuvimba? Bado unapanda juu ya tanuru la matofali wakati kuna vijana wa kupanda? Na Mama, kile kikohozi cha Krismasi kimemwachilia? Nimekuwa nikiwafikiria sana, zaidi tangu mvua ianze kunukia, maana najua huko Kibabii mvua ikifika mtakuwa mnakimbia kupanda na kufunika matofali kwa wakati mmoja.

Sisi hapa ni wazima wa mwili. Wanjiru yuko darasa la tatu na Nafula mdogo, mwenye jina la Mama, ameota meno mawili ya mbele na anayaonyesha kila mgeni. Baba yao bado yuko Isiolo kikazi, hatarudi kabla ya Pasaka.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya nyumba hii hukaa sebuleni, na sebuleni hukaa Mama mkwe. Haya ninayokuandikia hayafai ayasikie. Tafadhali, soma mwenyewe, usimpe mtu akusomee.

Baba, nataka uniambie ukweli kuhusu Fundi Wekesa. Uliponitajia jina lake ulisema mlijenga pamoja ujanani na kwamba hakuna mtu Bungoma nzima anayejua misingi ya nyumba kama yeye. Nilikuamini, nami nikamleta. Sasa ni wiki tatu, na Jumamosi hii shemeji yangu Karanja anatoka Nakuru kuja kumfukuza. Kama fundi ni mwongo, na afukuzwe. Lakini kama si mwongo, atafukuzwa huku shimo likiwa wazi chini ya ukuta, mvua ziko mlangoni, na Mama mkwe analala ndani ya chumba hicho hicho na amekataa kutoka. Hilo ndilo linaloninyima amani. Sitaki ukuta umwangukie mama wa watu halafu nikae maisha yangu yote nikijiuliza.

Nimetoa maneno haya kwenye shajara yangu, kwa hiyo tarehe ni za kweli.

Nyumba hii unaijua kwa nje, ulikuja siku ya mahari. Ni ile ya matofali mekundu ambayo marehemu baba mkwe aliinunua kutoka kwa mzungu. Kona ya magharibi, palipo na chumba cha Mama mkwe, ambaye hapa tunamwita Mama tu, ina ufa unaotoka kwenye dirisha hadi chini. Mwaka juzi ulikuwa unaingiza ukucha. Mwaka huu unaingiza vidole viwili, na tofali moja limepasuka katikati. Karibu na kona hiyo kulikuwa na mkaratusi mkubwa uliokatwa, na Fundi Wekesa anasema tangu mti huo uache kunywa maji, udongo chini ya kona umekuwa ukivimba na kunywea upendavyo.

Alifika Jumatatu tarehe 16 Februari. Hakuangalia ufa hata kidogo. Alichukua sururu akachimba shimo moja kando ya ukuta, akaingia, akatoka akiwa na udongo mweusi mkononi. Akamwambia Mama, "Kukhu, hii nyumba yako imesimama juu ya keki."

Mama akasema, "Mimi si nyanya yako. Kukhu wako yuko Bungoma."

"Aliondoka, kukhu. Nimebaki na wewe."

Nilitaka kucheka lakini niliona uso wa Mama nikageuka. Tangu siku ile anamwita "huyo mtu yenu", yaani mtu wangu mimi, kwa vile tunatoka upande mmoja. Baba, mimi nimeolewa hapa mwaka wa tisa sasa, lakini fundi wetu akikohoa, mimi ndiye naangaliwa.

Kazi yake ilitutia wasiwasi kutoka mwanzo. Aliandika namba ukutani kwa chaki, moja hadi sita, kuzunguka ile kona. Tukadhani atachimba moja, mbili, tatu, kama mtu yeyote. Yeye akachimba moja na nne, akaacha zingine. Akamwaga zege chini ya msingi wa zamani, akaacha nafasi ya kama upana wa kiganja kati ya zege na tofali, akafunika kwa magunia, akakaa. Siku mbili nzima anakaa chini ya kivuli anavuta sigara! Nilimuuliza kwa nini anaruka ruka. Akasema ukichimba mashimo mawili yanayofuatana, ukuta unabaki bila mguu. Ni lazima zege ikauke, halafu nafasi ile ishindiliwe kwa simiti kavu kavu, ndipo uende shimo lingine. Ilikuwa na maana, lakini mwongo pia husema maneno yenye maana. Ni wewe uliyenifundisha hivyo, siku yule mtu wa kuni alipotudanganya.

Na kwa nini anafunika mashimo? Mama ana jibu lake. Hapa watu wanaamini wazungu walipoondoka walizika vitu chini ya nyumba, na kila mtu anamjua mtu anayemjua mtu aliyevipata. Mama alinishika mkono jikoni akaniambia, "Huyo hatengenezi nyumba. Anatafuta. Na akipata, wewe ndio utabeba na yeye." Nikamwambia, "Mama, nitabeba nipeleke wapi? Watoto wangu wako hapa."

Tarehe 21, fundi aliomba kipande cha kioo cha dirisha kilichovunjika. Akakikata kikawa chembamba kama rula, akakibandika nje juu ya ufa kwa simiti, upande huu na upande ule, akaandika tarehe kwa msumari kabla haijakauka. Mama alikuwa amesimama hapo na fimbo yake.

"Hiyo ni nini?"

"Ni mlinzi. Ukuta ukisogea hata kidogo, kioo hakiwezi kuvutika. Kitavunjika. Tutajua."

"Kioo na tarehe kwa ukuta wangu. Karibu na kichwa changu. Ati mlinzi!"

Akamwomba Mama ahamie chumba cha mashariki na watoto mpaka kazi iishe. Hapo ndipo mambo yakaharibika kabisa. "Nitoke ndio mchimbe chini ya kitanda changu? Mzee alinilaza hapa, mimi nitatoka hapa nikibebwa." Usiku huo aliusogeza mwenyewe ule mkeka wake ukafunika sakafu yote.

Sasa sikiliza habari ya vioo. Ijumaa tarehe 27 asubuhi, kioo kilikutwa kimevunjika. Fundi alisimamisha kazi siku tatu, akaweka nguzo za mbao za kushikilia ukuta, akabandika kioo kingine. Alhamisi tarehe 4 Machi, hicho nacho kimevunjika. Kazi imesimama tena, na fundi akabandika cha tatu. Mama akasema mbele yangu na mbele ya fundi, "Mtu analipwa kwa siku, lazima kila siku kitu kivunjike." Akaenda kwenye simu akamwita Karanja.

Nitakuambia ukweli, Baba. Siku hiyo nami nilianza kumshuku. Mara zote mbili yeye ndiye aliyeona kwanza. Yeye hufika saa kumi na mbili na nusu, kabla hatujafungua milango. Mtu anayetaka kuvunja kioo ana nafasi ya kutosha. Nilianza kuandika saa anayofika, na saa anayokwenda upande ule, na mara ngapi. Nilimhesabu kama mwanafunzi mtoro.

Jumapili juzi fundi hakuja, Jumapili huenda kanisani mjini. Mvua ilinyesha saa tisa mpaka saa kumi. Jioni nilienda kuangalia kioo cha tatu, kilikuwa kizima. Nikachukua jivu la jikoni, lililo kavu, nikalimwaga pale chini ya kioo, upana wa kama mkeka, chini ya ukingo wa paa ambapo hapalowi. Nilijua kama fundi atakuja mapema kuvunja, nitaona viatu vyake. Vina misumari.

Jumatatu, jana, niliamka saa kumi na moja na dakika hamsini, kabla yake. Kioo kilikuwa kimevunjika, vipande vimeanguka chini. Kwenye jivu hakukuwa na misumari. Kulikuwa na ndala, za miguu midogo, na kando yake matundu matundu ya duara. Ya fimbo.

Nilifagia jivu lote kabla fundi hajafika. Sijamwambia mtu. Nikimwambia Karanja kwamba mama yake ndiye anayevunja vioo, mimi ndiye nitakuwa mbaya, mke wa Bungoma aliyemwekea mama mtego wa jivu. Nisipomwambia, mzee wa watu atafukuzwa kwa kosa asilolifanya. Ndiyo maana nakuuliza: nifanye nini? Na huyu Wekesa unamjua kiasi gani?

Nakatiza hapa. Mama ananiita.

Alhamisi, tarehe 11 Machi
Asubuhi kulikuwa na mawingu mazito. Jana mvua ilinyesha kutoka saa nane hadi jioni.

Baba, barua haikutumwa. Ni afadhali, maana mambo yamegeuka.

Jumanne ile Mama hakuniita kwa neno lolote la maana, alitaka tu nimtafutie miwani yake. Lakini nilipomshika mkono kumpa, sikuweza kukaa na siri ile. Nilimwambia, "Mama, nimeona ndala zako kwenye jivu."

Alivaa miwani akanitazama. "Ulimwaga jivu?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa unashika nani? Mimi au huyo mtu yenu?"

"Yeye."

Nafikiri jibu hilo ndilo lililoniokoa. Alikaa kitandani akacheka kicheko kifupi cha puani. "Kumbe hata wewe humwamini," akasema. Halafu akaniambia yote. Cha kwanza alikivunja kwa fimbo kwa sababu aliogopa, hajui ni dawa gani imewekwa juu ya kichwa chake. Cha Jumapili alikivunja ili Karanja akija akute sababu.

"Na cha Alhamisi?"

"Hicho sikuvunja."

"Mama."

"Mama Wanjiru, naapa kwa kaburi la mzee. Hicho nilikipata kimevunjika, nikaenda kwa simu. Nilijua ni yeye amekivunja. Kwani nani mwingine?"

Sasa Baba, ningeamini vipi? Ukishamwona mtu amevunja viwili, akuambie cha katikati si chake! Na kama ni kweli si chake, basi ni fundi, au basi ni ukuta wenyewe. Nilimwambia hivyo. Akachezea ncha ya fimbo kwenye mkeka.

Mwishowe akasema, "Mwambie aweke kioo kingine. Lakini aweke ndani. Kwa hii upande yangu, juu ya kitanda. Mlango ni wangu, ufunguo ni wangu. Kikivunjika, nitajua ni mimi ama ni Mungu."

Nilienda kumwambia fundi. Nilijiandaa kwa maneno makali, kwa sababu ilinibidi kumweleza kuhusu ndala na pia kuhusu jivu, kwamba nilimtegea yeye. Alikanyaga sigara yake. "Binti," akasema, "mimi nimeshukiwa na wenye nyumba za majani ya migomba, sembuse za matofali."

"Ulijua ni Mama?"

"Nilijua kuna mkono. Kioo kikivunjwa na ukuta, kinakatika tu, mstari mmoja, vipande vyote vinabaki mahali pake. Cha kwanza na hiki cha jana vilipondwa. Sasa nitamwambia mwenye nyumba nimeona mkono wake? Si kazi inaisha siku hiyo hiyo?"

"Na cha Alhamisi?"

"Cha Alhamisi kilikatika."

"Mbona basi ulisimamisha kazi hata kwa vile vilivyopondwa?"

"Kwa sababu sijui kama kilikuwa kimekatika kabla ya kupondwa. Wewe unajua?"

Sikujua. Nilirudi kwenye shajara. Nimeandika saa, nimeandika dakika, nimeandika hali ya hewa, na kwa kila kioo nimeandika neno moja tu, "kimevunjika". Sikuandika kimevunjika vipi. Mara tatu nilisimama mbele ya ukuta ule nikitafuta mtu, sikukiangalia kioo. Hata hivyo nilijiambia, huyu mzee ana jibu kwa kila kitu, na jibu lake la leo nalo halina shahidi.

Basi Jumanne saa sita mchana aliingia chumbani kwa Mama. Mama alisimama mlangoni muda wote akikodolea vidole vya fundi, nadhani kuhakikisha haachi dawa yoyote. Fundi alibandika kioo ndani, juu ya ufa, kimo cha mkono kutoka kwenye mto. Akamwambia kisiguswe siku moja na nusu mpaka simiti ishike. Alipotoka, Mama alifunga mlango, ufunguo akautia kifuani.

Jana hakuna kilichotokea, mvua tu. Mama alikuja kula akiwa na uso wa mtu anayeshinda. "Hata mvua yote hiyo," akaniambia, "na kioo iko tu. Unaona?" Nami niliona. Nilianza kumhurumia fundi kwa namna ambayo mtu humhurumia mwizi aliyekaribia kukamatwa.

Leo baada ya chakula cha mchana alienda kulala kama kawaida yake. Mimi nilikuwa nje naanua nguo, fundi alikuwa ndani ya shimo namba nne akiangalia nguzo zake. Saa tisa na dakika kumi niliona mlango wa nyuma umefunguka. Mama alitoka bila fimbo. Alikuwa amekumbatia blanketi zake mbili na Biblia juu yake. Hakupiga kelele. Alifika hapo nilipo akasema, "Njoo shika upande mmoja wa godoro."

"Mama, kuna nini?"

"Nilikuwa naiangalia, nikisoma. Kimelia tik. Mimi nilikuwa mbali nacho, Mama Wanjiru. Mkono yangu ilikuwa kwa kitabu."

Niliingia kuangalia. Nakiri hata hapo nilitafuta alama ya fimbo ukutani. Hakuna. Kioo kilikuwa na mstari mmoja mwembamba, umepita katikati kama uzi, na vipande vyote viwili vimeshika mahali pake. Ukipitisha kidole ulihisi upande mmoja umeshuka kidogo kuliko mwingine. Tulitoa godoro, tukatoa kitanda, tukatoa lile sanduku lake la bati. Fundi alisimama nje ya dirisha akituangalia. Mama alipopita mbele yake alimwambia, "Sasa fanya kazi yako. Usikae."

"Ndiyo, kukhu," akasema, na safari hii hakukatazwa.

Alifanya kazi mpaka giza, akishindilia simiti kavu kwenye ile nafasi ya shimo la nne kwa kipande cha mbao na nyundo. Alisema shimo hilo lingeshindiliwa wiki iliyopita kama asingekuwa anangoja vioo. Hakusema kwa lawama. Mama alisikia. Saa kumi na mbili jioni alienda mwenyewe kwenye simu akampigia Karanja. Nilikuwa jikoni nikasikia upande wake tu: "Hapana, usimfukuze. … Nani amekuambia? … Mimi? Basi mimi nilikosea. … Vioo? Vioo ni mimi nilivunja, usiulize mtu mwingine. Njoo tu Jumamosi, ulete mtu mmoja wa kubeba kokoto."

Baba, hakuna aliyemlazimisha kusema hilo la vioo. Mimi nilikuwa tayari kulificha.

Kwa hiyo jibu la swali langu la mwanzo silihitaji tena kwa haraka, lakini bado nalitaka. Nimegundua sikumwamini mtu uliyemwamini wewe, na sijui hilo linasema nini juu yangu. Mwandikie Fundi Wekesa neno moja la salamu, au mtumie ujumbe kwa wanaokuja sokoni. Nadhani kutoka kwako atalipokea vizuri zaidi kuliko ombi langu la radhi, ambalo nilimtolea leo na akalijibu kwa kuniomba maji ya kunywa.

Msalimie Mama, umwambie Nafula mdogo anamwiga jinsi anavyokohoa, kwa hiyo apone haraka. Msalimie kaka Simiyu na mke wake, na yule shangazi wa Cheptais akishuka mwambie bado ninavaa leso aliyonipa. Msalimie pia mwalimu jirani anayenihifadhia magazeti ya zamani. Usisahau kupumzisha hilo goti.

Ni mimi binti yako,
Nasimiyu

Ijumaa asubuhi, kabla sijafunga bahasha: Ukuta umesimama. Jana Mama alilala na sisi chumba cha mashariki, yeye na Wanjiru kitandani, mimi na mdogo chini. Taa ilipozimwa akaniuliza, "Na huu ukuta wa huku nao?" Nikamwambia sijui, Mama. Tukalala macho wote wawili, kila mmoja akidhani mwenzake amepitiwa na usingizi. Mimi nililala saa saba na dakika ishirini.